Matangi mapya ya mafuta yanakuja. Nani atauliza kuhusu kutu?

UKANDA wetu umeingia katika kipindi cha kujenga matangi. Kigamboni, jijini Dar es Salaam, Mamlaka ya Bandari Tanzania ilianza mwaka 2024 mradi wa matangi 15 ya kuhifadhi mita za ujazo 378,000 za mafuta, kwa gharama ya Shilingi bilioni 678.6. Chongoleani, mkoani Tanga, mwisho wa bomba la kilomita 1,443 la kuleta mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, yamepangwa matangi manne, kila moja la mapipa 500,000. Upande wa Kigoma, meli ya mafuta ya MT Sangara ilifanyiwa ukarabati mkubwa ili irudi kwenye kazi yake ya kuvusha mafuta katika Ziwa Tanganyika.

Nchini kwetu Burundi, ambako hatuna bandari ya bahari wala kiwanda cha kusafisha mafuta, kila foleni ya kituo cha mafuta imekuwa ikirudisha swali lile lile: kwa nini hatuna akiba ya kutosha? Ni swali la haki. Mfanyabiashara anayepita Kobero au Mugina anajua kwamba lori la mafuta likichelewa njiani kutoka Dar es Salaam, safari ya takriban kilomita 1,500, nauli inapanda kesho yake na bei ya maharage inafuata keshokutwa. Wenye akiba huvumilia wiki mbili za misukosuko bila kupandisha sauti. Wasio na akiba hupanga foleni.

Lakini lipo swali la pili ambalo silisikii likiulizwa, si bungeni, si redioni, si kwenye vijiwe vya mpakani. Hayo matangi yatakaa miaka mingapi kabla hayajatoboka? Jibu lake halitegemei unene wa chuma peke yake. Linategemea zaidi tabaka la rangi ambalo mara nyingi halifiki hata nusu milimita, nalo huchaguliwa mwishoni, pesa zikiwa zimeshapungua na mkandarasi ana haraka ya kukabidhi kazi.

Hoja ya makala haya ni moja. Nchi yenye matangi machache ndiyo isiyoweza kumudu rangi ya muda mfupi. Tajiri mwenye matangi 50 anaweza kulifunga moja, akalikausha, akalipaka upya, na mteja asijue. Mwenye matangi matano akilifunga moja ameondoa sehemu ya tano ya akiba yake. Hivyo atasema, "tungoje kidogo, hali ikitulia." Hali haitulii, na kutu haingoji.

Kutu inaanzia wapi?

Wanafunzi wangu huniuliza swali zuri: mwalimu, ndani ya tangi la dizeli maji yanatoka wapi? Jibu ni kwamba yanatoka hewani. Tangi linapumua. Mchana jua linapowaka, hewa na mvuke hutanuka na kutoka kupitia tundu la juu. Usiku tangi linapoa na kuvuta hewa mpya yenye unyevu. Unyevu huo hugeuka matone kwenye paa na kuta, matone yanateremka, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko mafuta, yanazama hadi sakafuni na kutulia huko.

Chini hapo hukutana maji, chumvi, mashapo na bakteria wanaopenda kuishi pale maji yanapopakana na mafuta. Baadhi ya bakteria hao hutoa tindikali na gesi zinazokula chuma. Kutu ya aina hii haili sakafu nzima kwa usawa. Inachimba vishimo. Bati la chuma la milimita sita linaweza kuwa zima karibu lote, lakini likatoboka mahali pamoja padogo kama ncha ya kidole. Kwa nje tangi linang'aa, na huku chini limeshaanza kudondosha.

Kwa hiyo sehemu zinazoumia zaidi ni tatu. Ya kwanza ni upande wa ndani wa paa, ambako mvuke hugeuka maji. Ya pili ni sakafu pamoja na kama mita ya kwanza ya ukuta, ambako maji hutuama. Ya tatu ni upande wa chini wa sakafu, unaolalia udongo na ambao hakuna jicho linaloweza kuuona. Katikati ya ukuta, ambako mafuta hukaa muda mwingi, hakuna taabu kubwa. Anayetaka kutumia pesa yake kwa akili aanze na sehemu hizo tatu.

Funzo la lori moja

Mnamo Januari 9, 2014, wakazi wa mji wa Charleston, katika jimbo la West Virginia nchini Marekani, walisikia harufu ya ajabu hewani. Kemikali ya kusafishia makaa ya mawe ilikuwa inavuja kutoka tangi namba 396 la kampuni ya Freedom Industries na kuingia Mto Elk, juu kidogo ya mahali mtambo wa maji ya mji unapochota. Watu wapatao 300,000 waliambiwa wasinywe maji ya bomba, wasipikie, wasioge.

Wachunguzi wa serikali ya Marekani wa ajali za kemikali walikuta matundu mawili madogo katika sakafu ya tangi. Kutu ya vishimo ilikuwa imelila chuma kutokea ndani. Kiasi kilichovuja kilikadiriwa kuwa galoni 10,000 hivi, yaani karibu lita 38,000. Msomaji wa mpakani apime mwenyewe: huo ni mzigo wa karibu lori moja la mafuta kati ya yale yanayopanga mstari Kobero. Lori moja tu, na mji mzima ukakaa siku kadhaa bila maji. Kampuni ilikimbilia mahakamani kutangaza kufilisika ndani ya siku chache, baadhi ya viongozi wake wakahukumiwa baadaye, na jimbo likatunga sheria ya matangi mwaka huo huo. Sheria ilikuja baada ya maji kuharibika.

Naeleza habari za mbali kwa sababu Bujumbura ina mazingira yanayofanana na yale. Sehemu kubwa ya maji ya mji wetu mkubwa hutoka Ziwa Tanganyika, na mafuta nayo huhifadhiwa na kupitishwa katika mji huo huo wa kando ya ziwa. Tofauti ni kwamba Mto Elk unatiririka. Sumu ilipita, mto ukajisafisha. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470 hivi, mlango wake wa kutokea ni mmoja, Mto Lukuga upande wa Kongo, na maji yake huchukua mamia ya miaka kubadilika. Kinachoingia humo kinakaa. Tena kinakaa kwa niaba ya nchi nne, yaani Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia. Mvuvi wa Kigoma hana kura katika zabuni ya rangi ya tangi la Bujumbura, lakini matokeo yake atayaona kwenye nyavu.

Kuna jambo jingine jipya. Mwaka 2024 ziwa lilipanda hadi karibu mita 777 juu ya usawa wa bahari, likameza nyumba, barabara na sehemu za bandari. Maji yakifika kwenye msingi wa tangi, upande wa chini wa sakafu, ule tusiouona, unakaa kwenye tope kwa miezi. Tangi tupu linaweza hata kuelea na kung'oka kwenye msingi wake. Anayechagua leo mahali pa kujenga na kinga ya sakafu, akitumia ramani ya ziwa la mwaka 2010, anajenga kwa ajili ya ziwa ambalo halipo tena.

Rangi hufuata kilichomo ndani

Waliotoka kambi za Kasulu na Kibondo wanayakumbuka matangi makubwa ya mviringo ya bati lenye mikunjo, yaliyotujazia ndoo za maji. Lile kubwa liliitwa T95 kwa kuwa lilibeba mita za ujazo 95, yaani lita 95,000. Wengi hatukujua kwamba maji yale hayakugusa bati hata kidogo. Ndani yake mlikuwa na mfuko wa mpira. Kazi ya bati ilikuwa kubeba uzito, na kazi ya mpira ilikuwa kukutana na maji. Huo ndio msingi wa somo zima: chuma kinabeba, tabaka la ndani linakutana na kilichohifadhiwa. Kwa hiyo swali la kwanza si "rangi ipi ni nzuri?" bali "ndani kutakaa nini?"

Kwa dizeli na petroli ya kawaida, kinachotumika duniani kwa sakafu na kuta za ndani ni epoksi, rangi ya makopo mawili ambayo hugeuka ngumu baada ya kuchanganywa. Petroli ikiwa imechanganywa na ethanoli, au ndani kukikaa kemikali kali, huhitajika epoksi ya aina imara zaidi iitwayo fenoliki au novolaki. Ikiwa sakafu ni ya zamani na imeshachimbwa vishimo, rangi nyembamba haisaidii kitu. Vishimo hujazwa au bati kuzibwa kwa kulehemu, kisha hutandikwa tabaka nene la epoksi lenye nyuzi za kioo ndani yake. Zinki, ambayo ni nzuri sana kwa upande wa nje, haifai kukutana na mafuta ndani ya tangi, kwa sababu huungana na tindikali za mafuta na kutoa uchafu unaoziba vichujio vya injini.

Kwa maji ya kunywa mambo yanabadilika kabisa. Hapa rangi lazima iwe na cheti kwamba haiachii sumu ndani ya maji, kama kile cha kiwango cha NSF/ANSI 61. Epoksi iliyochanganywa na lami ya makaa ya mawe, ambayo zamani ilipakwa kila mahali kwa kuwa ni nafuu na haipitishi maji, ina kemikali zinazohusishwa na saratani. Hiyo isikaribie tangi la shule wala la kijiji cha waliorejea. Rangi yenye madini ya risasi nayo ni hivyo hivyo. Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinataka risasi isizidi sehemu 90 katika milioni, lakini kiwango kilichoandikwa hakisomi lebo dukani. Mnunuzi ndiye anayesoma.

Kwa mawese, mali ya watu wa Rumonge na Kigoma, adui ni tindikali za mafuta yenyewe. Mawese yaliyokaa muda mrefu huongezeka tindikali, nayo hula chuma kitupu. Tena chembe za chuma na za shaba huharakisha kuchacha kwa mafuta. Mfanyabiashara akilalamika kwamba mawese yake yalibadilika rangi na harufu, asiwalaumu wakamuaji tu. Achungulie ndani ya tangi lake. Panapotakiwa ni epoksi inayoruhusiwa kwa chakula, au chuma kisichoshika kutu kwa mwenye uwezo.

Rangi ya nje si urembo

Upande wa nje una maadui wake, jua na mvua. Epoksi ni imara, lakini jua huifanya itoe unga kama chokaa. Kwa hiyo mpango unaotumika sana ni tabaka tatu: praima yenye zinki karibu na chuma, epoksi katikati, na poliurethani juu ili kupambana na jua.

Halafu kuna suala la rangi kama rangi. Kwa vipimo vinavyotumiwa na mamlaka ya mazingira ya Marekani, tangi jeupe lenye umri wa wastani hunyonya kama robo moja ya joto la jua linaloligonga. Lililoachwa na praima nyekundu hunyonya karibu sehemu tisa katika kumi. Msomaji aliyewahi kupita kando ya barabara zetu ameshaona matangi madogo ya watu binafsi yamebaki na praima nyekundu miaka nenda miaka rudi, kwa sababu fundi alisema "ile nyeupe ni urembo." Si urembo. Petroli ikipata joto hugeuka mvuke na kupotelea hewani kupitia tundu la kupumulia. Mwenye tangi jekundu anauza sehemu ya petroli yake kwa mawingu, na mawingu hayalipi.

Kazi iko kwenye maandalizi

Mafundi wazoefu wa kazi hii wana neno moja: rangi nyingi hufa kabla kopo halijafunguliwa. Rangi ghali ikipakwa juu ya kutu, vumbi au mafuta, itavimba malengelenge na kubanduka kama ganda la kitunguu. Ndani ya tangi, msasa na brashi ya waya havitoshi. Chuma hupigwa kwa chembe kali zinazorushwa na hewa ya kompresa mpaka kiwe cheupe karibu chote, hali ambayo kiwango cha kimataifa huiita Sa 2½, na mpaka kiwe na mikwaruzo ya kuishika rangi. Chumvi huoshwa. Mishono ya kulehemu na kona hupakwa kwanza kwa brashi, kwa sababu hapo ndipo rangi ya kupuliza hubaki nyembamba.

Kisha kuna hewa yenyewe. Kanuni inayofuatwa ni kwamba chuma kiwe na joto la angalau nyuzi tatu juu ya lile ambalo unyevu hugeuka umande, na unyevu wa hewa usizidi asilimia 85. Tuchukue asubuhi ya Bujumbura wakati wa mvua, hewa ikiwa nyuzi 25 na unyevu asilimia 85. Umande huanza kushika kwenye nyuzi 22 hivi. Kwa hiyo chuma chenye nyuzi 24 kinaonekana kikavu machoni, lakini hakifai kupakwa. Fundi anayeanza kazi saa moja asubuhi kwa sababu "kumepoa" anaipakia rangi yake juu ya maji asiyoyaona. Kiangazi chetu, Juni hadi Agosti, ndicho kipindi cha kazi hii. Mkataba unaosainiwa Agosti ili kazi ianze Novemba umeshapanda mbegu ya malengelenge.

Tusisahau wanadamu. Kupiga chuma kwa mchanga mkavu wa mtoni hutoa vumbi linaloharibu mapafu moja kwa moja. Zipo chembe nyingine zisizo na hatari hiyo. Na kuingia ndani ya tangi lililokuwa na mafuta bila kupima hewa, bila mtu wa kusubiri mlangoni na bila kamba, ni kuingia kaburini kwa miguu yako. Mvuke wa petroli na wa thina hauhitaji zaidi ya cheche moja.

Hesabu ya darasani

Mara nyingi zabuni hutolewa kwa anayetaja bei ndogo ya lita. Tufanye hesabu, kwa mfano wa kubuni ambao mtoto wa darasa la saba anaweza kuusahihisha.

Tangi lina kipenyo cha mita 20. Sakafu yake ni mita za mraba 314. Tukiongeza mita moja ya ukuta kuzunguka, tunapata 377. Tunataka rangi ikikauka iwe na unene wa maikroni 300. Kopo la rangi A limeandikwa kwamba asilimia 40 tu ya kilichomo hubaki baada ya kukauka, sehemu nyingine ni thina inayoruka. Kopo la rangi B hubakiza asilimia 80. Kanuni ni hii: zidisha asilimia hiyo kwa 10, gawanya kwa maikroni, utapata mita za mraba ambazo lita moja hufunika.

Lita ya A inafunika mita 1.33, hivyo tunahitaji lita 283. Lita ya B inafunika mita 2.67, hivyo zinatosha lita 142. Tuseme A inauzwa faranga 30,000 kwa lita na B faranga 50,000. A imekula 8,490,000. B imekula 7,100,000. Rangi iliyoitwa nafuu ndiyo imekuwa ghali, na hapo bado hatujahesabu matabaka ya ziada, siku za mafundi, wala thina iliyovutwa na mapafu yao. Kazini zitaongezeka lita za kumwagika na kupeperuka, lakini uwiano ni ule ule. Wahenga walisema rahisi ni ghali, na hapa namba zinawaunga mkono.

Na hesabu kubwa zaidi ni ya miaka. Kiwango cha kimataifa cha ISO 12944, kinachohusu rangi za kukinga chuma, kinapanga uimara kwa madaraja: hadi miaka 7, miaka 7 hadi 15, miaka 15 hadi 25, na zaidi ya 25. Kiwango hicho chenyewe kinaonya kwamba uimara si dhamana. Ni muda wa kupangia matengenezo. Muuzaji anayekuambia "miaka 25, bosi, usiwe na wasiwasi" aulizwe dhamana yake imeandikwa miaka mingapi, na nani atalipa tangi likifunguliwa.

Mapipa ya mfanyabiashara mdogo

Asidhani mwenye mapipa mawili nyuma ya duka kwamba haya ni mambo ya serikali. Pipa la lita 200 ni tangi, na sheria za kutu hazijui ukubwa. Usihifadhi mawese au maji katika pipa lililobeba dawa za shamba au kemikali, hata likioshwa mara kumi, kwa sababu rangi ya ndani imeshanyonya kilichokuwamo. Usiweke dizeli kwa muda mrefu katika pipa la bati lililopakwa zinki ndani. Liinue pipa lisilalie udongo, liweke kivulini, na kama ni tangi lenye bomba la chini, fungua kila wiki utoe maji yaliyotuama kabla ya kutoa mafuta. Kutoa maji ndiyo kinga ya bei ndogo kuliko zote, na haihitaji dola.

Tunachopaswa kudai

Najua jibu litakalotolewa. Tutaambiwa kwamba sisi ni nchi maskini, fedha za kigeni hazitoshi hata kununulia mafuta yenyewe, itakuwaje tununue epoksi ya daraja la juu? Jibu hilo lina uzito na silibezi. Lakini rangi mbaya nayo inanunuliwa kwa fedha za kigeni, na inanunuliwa tena baada ya miaka michache, na tena. Kila inaponunuliwa, tangi linafungwa, na mkia wa foleni unaongezeka. Kwa anayekosa fedha za kigeni, kununua kitu kimoja mara tatu ndiyo anasa.

Kwa hiyo, yanapojengwa matangi mapya au kukarabatiwa ya zamani, iwe kwetu au kwa majirani wanaotuhifadhia mafuta, mwananchi ana haki ya kudai mambo manne. Kwanza, zabuni ilinganishe gharama kwa kila mwaka wa uhai wa tangi, si bei ya lita ya rangi. Pili, mkaguzi alipwe na mwenye tangi, asilipwe na anayepaka, na awe na mamlaka ya kusimamisha kazi kukiwa na unyevu. Vifaa vyake vya kupima unene wa rangi na kutafuta matundu yasiyoonekana hubebwa kwenye mkoba mmoja. Tatu, kila tangi liwe na daftari lake: lilipakwa lini, kwa rangi gani, lilifunguliwa lini, litafunguliwa lini tena. Kiwango cha Marekani cha API 653, kinachofuatwa na wengi, kwa kawaida hutaka ukaguzi wa kwanza wa ndani usipite miaka 10 tangu tangi lianze kazi. Daftari hilo liwe wazi kwa anayekunywa maji ya ziwa. Nne, idadi ya matangi ipangwe ili moja liweze kufungwa bila nchi kusimama. Akiba isiyoweza kukaguliwa ni akiba ya kubahatisha.

Liko na la tano, ambalo ni letu tuliorejea. Sojo, wilayani Nzega, kilijengwa kiwanda cha kufunika mabomba ya mradi wa Hoima na Tanga kwa poliurethani na plastiki ngumu. Vijana wa vijiji vya Tabora walipata nafasi ya kuona kwamba kukinga chuma ni taaluma. Miongoni mwa waliorudi Burundi kutoka Ulyankulu, Mishamo, Nduta na Nyarugusu wamo mafundi wa kulehemu na wapaka rangi wengi, wanaosoma Kiswahili vizuri, na ambao ufundi wao haukuandikwa kwenye cheti chochote. Kozi ya miezi michache ya kupiga chuma, kupima unyevu na kukagua rangi ingewapa kazi pande zote za mpaka. Matangi yanakuja. Kama hatukuwaandaa watu wetu, tutawalipa wageni kuyapaka, na tutabaki sisi kuyachota maji ya ziwa yakivuja.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa sayansi kusini mwa Burundi. Alizaliwa na kusomea uhamishoni Tanzania.